Yuko Kazini, Hayuko Kazini

Debra hakukusudia kuwa mwajiri. Alianza na mashine moja ya kufuma sweta aliyonunuliwa na mumewe Gordon ili asikae bure, na kwa kuwa Debra hajui kukaa bure hata akiwa mgonjwa, haukupita muda shule za hapa Katito zikawa zinamletea oda. Akaongeza mashine ya pili. Akamchukua Metrine, msichana wa Port Victoria aliyemfuata shangazi yake hapa sokoni, kisha akamchukua Apiyo, mke wa Calvince fundi wa pikipiki. Akawa mwajiri kama mtu anavyonenepa, bila siku moja ya kuonyesha kwa kidole kwamba ndipo ilipoanzia.

Namjua vizuri kwa sababu duka langu la nyuzi na vitambaa linatazamana na lango lake, barabara ya vumbi tu iko katikati. Jina langu ni Salme. Wajaluo wananiita Mswahili na Waswahili wenzangu wa Kisumu wananiita Mjaluo, basi nimezoea. Nasema haya mapema ili mtu asije kuniuliza ninajuaje mambo ya boma la watu. Nayajua kwa sababu ninauza nyuzi, nina macho, na Debra akichanganyikiwa huvuka barabara kuja kwangu hata kabla hajavaa viatu.

Mashine zile zinakaa ndani ya boma lake, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Dani. Dani ni mama yake Gordon, bibi wa boma lile. Ana presha, ana sukari, na ana jicho ambalo hata kuku mgeni akiingia atajiuliza kama alibisha hodi. Ili ufike kwenye kibanda lazima upite mbele ya mlango wa Dani. Hilo likumbukwe.

Calvince aliugua kwa muda mfupi akafa. Tulimzika, tukalia, Debra akampa Apiyo ruhusa ya msiba na kumwambia arudi akiwa tayari. Apiyo alirudi. Asubuhi moja nikifungua duka nilimwona amesimama nje ya lango la Debra, kitambaa cheusi kichwani, mkoba wake wa kazini begani. Nilidhani anangoja lango lifunguliwe, lakini lango lilikuwa wazi.

Debra alitoka mwenyewe. "Apiyo, ingia basi, oda ya Januari inatuua."

"Nimefika, Mama. Lakini siwezi kuingia."

"Huwezi kuingia namna gani na umefika?"

Apiyo alitazama chini. "Bado niko kwa ujane, Mama. Siwezi ingia kwa boma ya mtu."

Kwa wasiojua, iko hivi. Kwa mila ya zamani ya huku, mjane ambaye hajatolewa rasmi kwenye ujane haingii boma la mtu mwingine, kwa kuogopa kuwaletea watu balaa. Siku hizi wengi hawafuati. Wengine mchungaji huwaombea na mambo yakaisha, na Apiyo pia aliombewa, kanisa zima likapiga makofi. Lakini wakwe zake, wakiongozwa na Oluoch, kaka mkubwa wa marehemu, walisema maombi ni mazuri na mila ni mila.

Debra alirudi ndani amekasirika. Metrine akafuma peke yake siku nzima. Apiyo akakaa nje ya lango kwenye jiwe mpaka jua likazama, kisha akaenda nyumbani. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa.

Ukweli ni kwamba Debra angemwambia asirudi tena, na ingekuwa imeisha. Kilichomkwamisha ni semina. Wafanyabiashara wadogo walialikwa Kisumu kuelezwa mabadiliko ya sheria za kazi, na Debra akaenda akiwa amevaa nguo yake ya kuendea harusi, kwa sababu barua ya mwaliko ilimwita "mwajiri mpendwa". Alirudi jioni uso umemvimba kwa mawazo. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja dukani.

"Salme, mimi ni mhalifu," akasema.

"Umeua nani?"

"Sijui. Pengine wote." Akaketi juu ya gunia langu la nyuzi. "Kuna makato ya nyumba, kuna ya afya, kuna ya uzeeni, na yote yamebadilika na mengine yatabadilika tena. Kuna kesi iko kortini juu ya kesi nyingine. Nikaambiwa kibarua akikaa sana kwako si kibarua tena, ni mfanyakazi kamili, hata kama hamjaandikiana kitu. Metrine amekaa kwangu mpaka anajua dawa za Dani! Halafu nikauliza swali langu."

"Ulimuuliza nani?"

"Loya. Kijana mzuri, tai nyekundu. Nikasimama mbele ya watu wote nikauliza, mfanyakazi akija kazini kila siku, lakini hakuingia, yuko kazini ama hayuko?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ukumbi mzima ulinigeukia, Salme. Loya akaniambia mtu akikosa kufika mahali palipopangwa pa kazi bila sababu ya halali, unaweza kumfuta. Lakini si kumfuta tu. Lazima kwanza umsikilize. Umwambie kosa kwa lugha anayoelewa, na awe na mtu wake hapo. Ukimfuta bila kumsikiliza, korti inakula wewe. Nikamuuliza, na kama yeye haingii mahali pa kusikilizwa? Akasema, mama, inategemea. Inategemea nini? Akasema tuende chai."

Usiku ule alimpigia Gordon simu huko Nakuru anakofanya kazi, na Gordon akamwambia afanye vile anaona. Mimi nina maoni yangu kuhusu wanaume wanaosema fanya vile unaona, lakini leo siyatoi.

Asilolijua Debra, Apiyo alilijua. Mimi nilikuwa ninajua pia, kwa sababu mtu akikaa mbele ya duka lako kutwa nzima utampelekea chai, na ukimpelekea chai atazungumza. Nilimwambia aingie akae kivulini. Akakataa, akasema nyuma ya duka ndipo ninapoishi, basi ni boma la mtu. Nikamwambia mimi Mwislamu, mambo ya ujane wa Kijaluo hayanihusu, aingie. Akatabasamu tu, akanywea chai barabarani.

"Wewe mwenyewe unaamini?" nilimuuliza.

Alifikiri sana. "Sijui, Dada Salme. Asubuhi siamini. Jioni naamini kidogo. Lakini Dani ni mgonjwa. Nikiingia leo, na kesho akohoe tu, watasema ni mimi. Hata wewe utafikiria."

Nikamwongezea chai.

Kisha akaniambia lililobaki. Wakwe walikuwa na njia moja tu ya kumtoa kwenye ujane, nayo ni Oluoch amrithi. Oluoch ana wake wawili tayari na tumbo la watu watatu. Apiyo hamtaki. Alikuwa amemwambia hivyo, na Oluoch hakugombana naye hata kidogo. Alimwambia tu kwamba mjane asiyeweza kuingia kwa mtu hawezi kuwa na kazi, na asiye na kazi atakuja mwenyewe. Ndiyo maana Apiyo alikuwa akija kukaa pale kwenye jiwe. Alikuwa ameishikilia kazi kwa nje, kwa kuwa ndani hakuweza.

"Mwambie Debra," nikasema.

"Akijua atanihurumia. Huruma ya mwajiri inachoka haraka. Tafadhali usimwambie."

Nikaahidi shingo upande. Mimi nimekaa eda. Nilipofiwa na mume wangu nilijifungia ndani kama dini inavyotaka, nikanung'unika, nikawachosha wanangu, lakini nilijua siku yangu ya kutoka na hakuna mwanamume aliyekuwa ameishika mkononi. Nilipofikiria mlango wa Apiyo na Oluoch amesimama hapo na tumbo lake, niliona hasira hata kwa vitu visivyohusika. Siku ile nilimfokea mteja kwa kuuliza bei.

Debra naye akaamua kufuata sheria. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo loya yeyote wa Kisumu asingeweza kulifikiria. Aliambiwa Apiyo awe na mtu wake siku ya kusikilizwa. Sasa kwa huku, mtu wa mwanamke aliyeolewa ni nani? Ni watu wa mume. Huwezi kumjadili mke wa watu bila wenyewe kujua, ni utovu wa adabu. Basi Debra, kwa heshima kabisa, alituma neno kwa Oluoch.

Kikao kilifanyika nje ya lango, kwa sababu mhusika haingii ndani. Nilitoa benchi langu na viti viwili. Debra alifungua kwa maombi, kwa kuwa hakuna mkutano hapa unaoanza bila maombi, na wapanda boda waliokuwa wakipita wakazima pikipiki na kuvua kofia wakidhani ni matanga. Metrine alisimama kando, na nyuzi za kijani zimemng'ang'ania nguoni. Dani alikaa kwenye veranda yake, mbali, ndani, akitazama. Oluoch alikuja amevaa koti. Apiyo alipomwona, uso wake uliingia giza, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyemleta. Nilitikisa kichwa kwa nguvu.

"Apiyo," Debra akaanza, "sheria inasema nikuambie kosa lako kwa lugha unaelewa. Kosa lako ni kwamba hauko. Ama uko. Lakini uko huku." Akanyoosha kidole kwenye jiwe. "Unajitetea namna gani?"

Oluoch alinyanyuka kabla Apiyo hajajibu.

"Mama Debra, asante kwa kuheshimu sisi. Mimi sioni haja ya kuchosha watu. Huyu mwanamke hawezi fanya kazi. Mfute tu, hatuna neno, hatutaenda korti. Akishaingia kwangu mambo yake yatanyooka, na kama utamtaka tena, tutaongea."

Watu wa boda wakaitikia kwamba mzee amesema vizuri. Debra alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, maana mtu aliyechoka hukubali chochote kinachofanana na mwisho. Kisha kichwa kikasimama.

"Akishaingia kwako namna gani?"

"Si unajua mila, mama."

Debra akamgeukia Apiyo. "Umekubali hii kitu?"

"Sijakubali, Mama," Apiyo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Ndiyo maana nakuja kila siku."

Nilimwona Debra akielewa. Ilichukua muda. Alimtazama Oluoch, akalitazama jiwe, akamtazama Apiyo na mkoba wake wa kazini begani. Kisha akafanya jambo la ajabu, akatoa simu na kumpigia yule loya wa tai nyekundu, mbele ya watu wote, kwa sauti ya wazi.

"Loya, ni yule mama wa Katito. Nimeita mtu wake. Nimeita shemeji."

Sauti ya upande wa pili ikasema, taratibu kama anayezungumza na mtoto, kwamba mtu wake maana yake ni mfanyakazi mwenzake, au mtu wa chama cha wafanyakazi. Mtu aliyemchagua mwenyewe.

"Si shemeji?"

"Hapana, mama. Si shemeji."

"Na swali la pili. Mahali pa kazi nani anapanga?"

"Kwa kawaida ni wewe, mwajiri. Ila mkibadilisha mkubaliane."

Debra alikata simu bila kuaga. Akamuuliza Apiyo anamtaka nani awe mtu wake. Apiyo akamwonyesha Metrine. Metrine, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, akaja akakaa kwenye kiti alichokuwa amekiacha Oluoch, Oluoch akabaki amesimama na koti lake kwenye jua.

"Metrine, sema kitu," Debra akamhimiza.

"Nimechoka kufuma peke yangu," Metrine akasema.

Huo ndio ulikuwa utetezi wote. Debra akainuka, akamwambia Metrine waende. Wakaingia bomani, wakapita mbele ya Dani, na baada ya muda tukawaona wanatoka wameibeba mashine ya Apiyo na meza yake, wakihema. Wakaiweka nje ya lango, kando ya jiwe.

"Apiyo, hapa ndiyo mahali pako pa kazi. Unakubali?"

Apiyo aliketi, akaanza kupanga nyuzi, na machozi yakidondoka juu ya mashine.

"Hii ni nini sasa?" Oluoch akauliza.

"Ni kazi."

"Hapo bado ni kwako."

"Hapo ni barabara ya kaunti, omera, ndugu yangu," Debra akamjibu. "Kama una neno, mwandikie gavana."

Oluoch hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alifunga vifungo vya koti, akatazama mbinguni upande wa ziwa, akasema ameona mawingu. "Nitangoja mvua," akasema, akaenda zake.

Basi Apiyo akafuma barabarani. Watoto wa shule wakitoka walikuwa wakisimama kumtazama, wengine wakipima sweta zao kwake papo hapo. Vumbi liliingia kwenye nyuzi, sweta nyeupe zikaacha kuwa nyeupe, Debra akawa anazifua. Bado hakuwa na uhakika wa chochote. Alinijia kuniuliza kama sheria inataka mfanyakazi wa nje apewe mwavuli. Aliniuliza kama Metrine naye ana haki ya kukaa nje akitaka. Aliniuliza kama kumtoa mtu nje kwa sababu ni mjane si ubaguzi, hata kama mjane mwenyewe ndiye aliyekataa kuingia. Nilimwambia mimi ninauza nyuzi.

Jambo moja halikuwa na jibu hata kidogo, na tuliliogopa wote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Dani kama angekubali Apiyo aingie. Debra aliogopa kumuuliza, kwa kuwa ukimuuliza mkwe wako jambo na akikataa, basi limekataliwa. Dani naye hakusema. Alikaa kwenye veranda akaitazama ile mashine kule nje kama anayetazama ugomvi wa majirani.

Oluoch alipita kila siku. Hakumsemesha Apiyo. Alitazama juu tu, akaenda.

Mvua ilikuja mchana, Metrine akiwa amekwenda Kisumu kuchukua nyuzi. Ilikuwa ile inayotoka ziwani, isiyokupa nafasi hata ya kuanua nguo. Nilisikia upepo, nikasikia mabati, na nilipotoka mtaro wa kando ya barabara ulikuwa umejaa. Apiyo alikuwa ameivua leso yake akaifunika mashine, na yeye amelala juu yake kwa kifua. Debra akatoka mbio bila kitu kichwani.

"Shika!" akapiga kelele. "Shika upande huo!"

Apiyo akashika. Mimi nikavuka mtaro, nikabeba magunia mawili ya sweta zilizokwisha, nikawafuata. Tulikuwa tunakimbia. Hakuna aliyekuwa akifikiria kitu isipokuwa mashine, maana ikilowa imekufa, na ikifa kazi ya Apiyo imekufa nayo. Tulipita langoni, tukakata uwanja, na tulipofika mbele ya mlango wa Dani Debra akasimama ghafla, nikamgonga kwa gunia.

Tulikuwa ndani. Apiyo alikuwa ndani. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na mikono yake haikuweza kuiachilia mashine. Nilimwona anageuza macho kuelekea langoni, akipima kama anaweza kurudi nyuma na uzito ule.

Dani alisimama mlangoni mwake. Alimtazama Apiyo kuanzia kichwani, polepole, mpaka miguuni. Mimi Mwislamu nilisoma kila dua ninayoijua.

"Apiyo nyathina, mwanangu," Dani akasema, "kibanda inavuja. Leta hiyo kitu hapa kwangu. Lakini pangusa miguu kwanza, utaniletea matope."

Apiyo akapangusa miguu. Aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, na Debra akilia upande wake wa meza bila kuficha. Wakaingia. Mimi niliacha magunia verandani nikarudi dukani kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeacha wazi na kwa sababu sikutaka wanione.

Asubuhi Oluoch alipita. Nje ya lango hapakuwa na meza, palikuwa na jiwe na mashimo manne ya miguu ya meza yaliyojaa maji. Akasimama. Kutoka bomani zilisikika mashine mbili, moja kibandani na moja nyumbani kwa Dani. Dani mwenyewe alikuwa amekaa verandani anakunywa uji, na hakuwa anakohoa.

"Dani," Oluoch akaita kutoka nje, "ni kweli Apiyo ameingia huko kwako?"

Dani alimeza uji wake kwanza.

"Apiyo si anafanya kazi hapa?" akasema. "Wewe ndiye ninauliza. Unatafuta nini kwa lango yangu?"